Kioo cha Risasi

Katika miaka ishirini na miwili ya kusaga vioo, Fundi Macho hakuwahi hata mara moja kuweka tumbo mahali palipotakiwa bonde. Ndiyo maana siku aliyokiosha kile kioo, akakifuta, akapitisha kidole juu yake na kukuta kimevimba katikati badala ya kubonyea, alikigeuza kiganjani, akakipapasa upya. Alikuwa amekisaga siku tatu kwa mkono wake mwenyewe. Hakukumbuka kubadilisha sahani ya kusagia. Akajiambia ni huzuni tu, kwani mtu aliyefiwa huweza kutia chumvi kwenye chai, sembuse kukosea sahani.

Kioo chenyewe kilikuwa na mambo yake tangu mwanzo. Muuza vyuma chakavu alikileta kikiwa pande lenye ukubwa wa ngumi, akilalamika kwamba kimemchania mfuko. Fundi alikijua papo hapo kwa uzito. Kilikuwa kioo cha risasi, yaani kioo kilichoyeyushwa pamoja na madini ya risasi. Kioo cha namna hiyo ni laini, hukwaruzika upesi, na ukikigonga kwa ukucha hulia kama kengele ndogo. Hiki alikigonga, kikalia. Akaenda jikoni, akabandika maji ya chai, akatafuta kikombe, akarudi. Kioo kilikuwa bado kinalia.

Alikihitaji, kwa hiyo hakujiuliza mengi. Mpima ardhi alikuwa amemwachia chombo chake cha kupimia, na darubini ya chombo hicho ilikuwa imepasuka kioo cha ndani. Darubini nzuri haitazami kwa kioo kimoja. Kioo chepesi chenye tumbo hukunja mwanga vizuri, lakini huacha pindo la rangi kando ya kila kitu. Kioo cha risasi hukunja mwanga zaidi, na rangi hizo huzitawanya vibaya zaidi. Ajabu ni kwamba ukikitia kizito bonde, ukakilaza kile chepesi ndani yake na kuviunganisha kwa utomvu, kasoro ya huyu humeza kasoro ya yule, mwanga ukatoka safi.

Mkewe alilipenda sana jambo hilo. Alikuwa akimkatia karatasi za kufungia lenzi, na kila jozi ilipokamilika alimtania.

"Hapo mwepesi ni mimi. Wewe ndiye mzee wa risasi."

"Mzee nani?"

"Kajiangalie."

Mkewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, hospitalini, saa saba mchana. Fundi alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu jana yake, akatoka mara moja tu kurudi karakana kumalizia miwani ya mteja. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Hakumuaga, wala hakuagwa. Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakuna aliyeweza kulitoa, hata dada yake aliyehamia pale nyumbani kumsaidia kulea.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na meza ndefu chini ya dirisha, sahani za chuma rafuni, sufuria ya lami ya kushikizia vioo, na ukutani ubao wa herufi wa kupimia macho, kuanzia herufi kubwa ya juu hadi safu ya saba ambayo wengi huikisia. Hapo ndipo bintiye wa miaka saba alipokuwa akifikia kila akitoka shule. Mama yake alikuwa akimwita Mboni, na jina likashika.

"Baba, na mimi nione."

Fundi akampa kile kioo kilichokosewa. Alikuwa amemfundisha zamani kwamba lenzi yenye tumbo ukiiweka karibu na kitu, kitu hukua, lakini ukiinyoosha kwa urefu wa mkono, chumba kizima hupinduka. Mtoto akanyoosha mkono, akafumba jicho moja. Akacheka kuona meza inaning'inia juu na saa ya ukutani imesimama kwa kichwa. Kisha akaacha kucheka.

"Baba," akasema polepole, "mbona mama hajapinduka?"

Fundi akamnyang'anya. Hakutaka kumnyang'anya, lakini ndivyo mkono ulivyofanya. Akakinyoosha kioo kuelekea ndani ya chumba, na kweli meza ilikuwa juu, dari ilikuwa chini, kila kitu kilikuwa kama elimu yake ilivyomfundisha, na katikati ya mambo yote yaliyopinduka alisimama mkewe, wima, na kitambaa chake cha kichwani, akimtazama. Fundi akashusha kioo. Chumbani palikuwa na yeye, mtoto na vumbi kwenye mwanga wa saa saba.

Alilia siku hiyo kama ambavyo hakulia msibani. Kisha, Mungu amsamehe, akafurahi.

Tangu hapo, kila ilipogonga saa saba alifunga mlango wa karakana. Mpima ardhi alikuja mara mbili akaambiwa utomvu haujakauka. Dada yake, ambaye mtoto alimwita Shangazi, aligonga akaambiwa kazi ni nyeti. Ndani, Fundi alisimama na kioo mkononi, bega likimuuma, akimsimulia mkewe mambo ya nyumbani: mtoto kang'oka jino, paa la jikoni linavuja. Mkewe hakujibu. Alitazama tu, na hilo lilimtosha, kwa kuwa mwenye njaa hachagui sahani.

Mtoto ndiye aliyeanza kulipa.

"Baba, maandishi ya mwalimu yana pindo."

"Pindo gani?"

"La zambarau. Hata wewe unalo, hapa," akasema, akimpitishia kidole ukingo wa shavu.

Fundi akaweka kazi chini. Pindo la zambarau ni alama ya kioo cha risasi kilichoachwa peke yake bila mwenzake. Huonekana kwenye lenzi mbaya. Kwenye jicho la mtoto lisilo na kioo chochote, pindo hilo halipaswi kuwepo. Akamkalisha mbele ya ubao, akampima. Safu ya saba ilikuwa imekwenda. Wiki iliyofuata ikaenda ya sita, kisha ya tano. Alitoa sanduku lake la lenzi za kujaribia, akazibadilisha moja baada ya nyingine kwenye fremu, na mtoto kila mara akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemuonea baba yake huruma.

Kisha yakaja mambo mengine. Kila ilipokaribia saa saba, droo ya meza alimokificha kioo ilitoa mlio mwembamba usiokatika, bila mtu kuigusa. Karakana ikaanza kunuka nywele mbichi, nywele zilizooshwa zikafungwa kabla ya kukauka, chini yake harufu ya lami ya moto ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Na Mboni, alipoketi kwenye kigoda chake cha kuandikia, alikuwa akijipangusa uso kila baada ya muda.

"Una nini usoni?" Shangazi alimuuliza.

"Utando wa buibui. Unanigusa kutoka juu."

Shangazi akachukua ufagio mrefu, akafagia dari nzima. Ufagio ulitoka safi. Akausimamisha ukutani, akamtazama kaka yake kwa jicho la mtu aliyekula chumvi nyingi.

"Kaka, kuna nini humu ndani?"

"Vumbi la kioo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nimesema vumbi, dada."

Shangazi hakubishana. Alijifunga nguo yake vizuri, akaenda upande wa pili wa mji kwa bibi mmoja mganga aliyesifika kwa kuyajua majini kama mtu anavyowajua majirani zake. Jioni akarudi akihema.

"Kasema ndani ya nyumba hii kuna kioo kimebeba kitu. Kasema kitolewe, na kwamba tusipokitoa mtoto atabaki kizani." Akashusha sauti. "Kaka, kioo gani? Ni kile cha wifi?"

Mkewe alikuwa ameacha kioo cha kujitazamia, kikubwa, chenye fremu ya mbao, ukutani chumbani. Kioo ni neno moja tu. Cha kujitazamia ni kioo na cha dirishani ni kioo, na kile kilichokuwa ndani ya droo, kimefungwa kwa karatasi aliyokata marehemu kwa mkono wake, nacho ni kioo. Shangazi alikuwa akimngoja. Mlangoni mtoto alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono, maana siku hizo alikuwa akipapasa.

"Ni kioo chake," Fundi akasema.

Hakutamka uongo hata herufi moja, na katika maisha yake hakuwahi kudanganya vibaya kuliko hivyo. Wakakitoa kioo cha marehemu nje, Shangazi akakifunika kwa gunia, akakipiga kwa mchi. Ndani ya chumba pakabaki mraba mweupe ukutani. Fundi alisaidia kuzoa vipande. Alipoinama juu yao aliona uso wake mara ishirini, na kila uso ulikuwa wa mtu ambaye angependa kumkwepa barabarani.

Siku tatu baadaye Mboni aliweka kijiko mezani kando ya sahani, akakitafuta, asikione.

Fundi angeacha pale. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeacha pale. Lakini saa saba ya siku ile alijiambia ni mara ya mwisho, anakwenda kumuaga tu, amuombe radhi kisha akitupe kioo mtoni. Basi akafunga mlango, akanyoosha mkono, na mkewe alikuwepo, wima kama siku zote, isipokuwa kitambaa hakikuwepo kichwani na nywele zake zilikuwa zimesimama zote, ndefu kuliko zilivyowahi kuwa, zimenyooka kwenda juu kana kwamba upepo unatoka sakafuni. Fundi akashangaa nywele. Na akiwa bado anazishangaa, mlango wa ndani, ambao siku hiyo hakuutia komeo, ukafunguliwa, Mboni akaingia akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda chake. Katika kioo mtoto alionekana amepinduka, kama inavyopasa, miguu juu na kichwa chini, na kichwa chake kikaja kukaa sawasawa juu ya kichwa cha yule aliyesimama wima, utosi kwa utosi, na zile nywele zilizokwenda juu zikamzunguka mtoto uso mzima. Hapo ndipo elimu ya miaka ishirini na miwili, aliyokuwa ameifungia nje kila siku saa saba, ilipovunja mlango ikaingia: lenzi hii inapindua kila kitu, kila kilicho wima huonekana kichwa chini, na kwa hiyo yeye anayeonekana wima, humu chumbani, sasa hivi, hajasimama, ananing'inia darini kwa miguu, kichwa chini, nywele zikimwagika juu ya uso wa mtoto, na amekuwa akining'inia hivyo siku zote Fundi alizokuwa akimsimulia habari za jino na paa.

Akashusha kioo. Juu hapakuwa na kitu. Mboni akainua mkono, akajipangusa uso.

"Toka hapo, mwanangu," Fundi akanong'ona. "Njoo kwa baba. Polepole."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Mlio ukatoka kwenye kioo mkononi mwake, mwembamba, ukapanda mkono hadi kwenye meno, na ndani yake kwa mara ya kwanza akasikia sauti ya mkewe, ileile, yenye kukwama kidogo mwanzoni mwa neno.

"Hukuniaga."

Fundi alimbeba mtoto akatoka naye hadi uani, akaketi chini, akamwita dada yake, akamwambia yote: kioo ni kipi, na lile neno alilojificha nyuma yake. Shangazi alisikiliza mikono ikiwa kichwani. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Bibi mganga alifika kesho yake saa nne asubuhi, kamwili kadogo, kikapu mkononi, akakataa kiti. Alikitazama kioo bila kukigusa.

"Hiki hakivunjwi," alisema. "Ukikivunja vipande kumi, umelijengea jini nyumba kumi. Kimeumbwa kwa kusagwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kimalizwe kwa kusagwa, na mkono uleule, mpaka kiwe unga. Likiona nyumba inaisha, litaomba nyumba. Lisikie, lakini usilijibu neno. Hata likikuita kwa jina mlilokuwa mkiitana chumbani."

Fundi akauliza alichokuwa akiogopa kuuliza. "Hakuna chake hata kidogo mle ndani? Kabisa?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Marehemu amekwenda zake, mwanangu. Hili limemvaa tu, kama mtu anavyovaa koti la mwenziwe. Lilikuta mlango wazi."

Wakamfungia karakana peke yake. Akamwagia maji sahani ya chuma, akanyunyiza mchanga wa kusagia, akaanza. Kwa kawaida fundi husaga kioo akikipenda, akipunguza kidogo na kupima, kidogo na kupima. Siku hiyo alisaga kama anayefuta jina. Kioo cha risasi ni laini, kilikwenda haraka. Maji yakageuka maziwa. Jua likapanda, likafika dirishani, saa saba ikagonga, na harufu ya nywele mbichi ikajaa chumba hadi akawa anaionja ulimini.

"Mzee wa risasi," sauti ikasema juu ya kichwa chake.

Akasaga.

"Mkono wako umechoka. Pumzika kidogo."

Akasaga, machozi yakidondokea kwenye sahani, na kitu chepesi kikamgusa kisogoni, kikashuka hadi begani, kitu kama nywele nyingi zenye maji, na sauti ikashuka pamoja nacho ikawa sikioni, haina hasira wala vitisho, ikimuuliza anakumbuka ile jozi ya kwanza waliyoiunganisha wakiwa hawana hata taa, anakumbuka alivyomshikia mshumaa akaunguza kidole akacheka, na Fundi alikumbuka, alikumbuka kidole chenyewe, akaendelea kusaga hadi kioo kikawa chembamba kama ukucha, kikaanza kumkata vidole, maji yakawa mekundu, na kilipobaki kipande kisichozidi punje ya mchele sauti ikaacha kukumbusha, ikawa sauti ya mgonjwa, ndogo, ya kitandani, ya mtu anayetazama mlango aliopitia mwenziwe kuondoka.

"Sasa mimi nitakaa wapi, mume wangu?"

Alijua si yeye. Tuseme hivyo kwa haki yake: alijua kama anavyojua jina lake. Lakini mara moja maishani mwake aliulizwa na sauti ile akawa hayupo, na kunyamaza mara ya pili hakukuweza kumtoka. Akamaliza kusaga punje ile. Sahani haikuwa na kitu tena ila matope meupe.

"Kaa kwangu," akasema.

Alipofungua mlango, bibi mganga hakungoja kusimuliwa.

"Umejibu."

"Nimejibu."

Bibi akachukua kikapu chake. "Mtoto wako atapona," alisema, na hakusema lingine. Shangazi akafunika uso kwa ncha ya nguo yake.

Mtoto akapona kweli, safu baada ya safu. Pindo la zambarau lilimtoka likaonekana kwingine. Fundi aliliona kwanza kwenye ukingo wa kikombe, kisha kwenye dirisha, kisha kwenye uso wa dada yake. Mboni alipoipata safu ya tano, yeye aliipoteza. Mpima ardhi alikuja kuchukua chombo chake kama kilivyo. Fundi akapanga sahani zake rafuni kwa kuzipapasa, kubwa kwa ndogo.

Wiki ya tano, mchana, Mboni alirudi shule akaomba apimwe tena. Baba yake akachukua kijiti, akasimama kando ya ubao.

"Ya mwisho?" mtoto akauliza.

"Ya mwisho."

Akaisoma safu ya saba herufi moja moja, zile ndogo ambazo wengi huzikisia, na Fundi akazifuata kichwani, maana alizijua zote kwa moyo. Hakukuwa na kosa. Saa ikagonga saba. Hakuona ubao, hakuona dirisha wala mtoto. Kitu kimoja tu ndicho alichokiona gizani mle, kimesimama wima, kimemwelekea.

"Nimepatia, baba?"

"Umepatia zote, mwanangu."

"Mbona unaonyesha mlango?"

Mboni akaja, akamshika mkono wenye kijiti, akausogeza taratibu mpaka ukafika kwenye ubao.